Ujira wa Fundi na Ndoo Mbili za Rangi



Ndugu zangu, likizo iliyopita nilipaka rangi ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Bwera kwa pesa ambayo haikuwa yangu. Sikuiba mfukoni mwa mtu. Hakuna polisi wala mwenyekiti wa LC ambaye angeniita kwa jambo hilo, na majirani waliopita njiani walinipa hongera. Lakini tangu nirudi chuoni, ule ukuta unanijia mbele ya macho kila nikisimama kuswali, juu rangi ya maziwa, chini kahawia, na nimeona afadhali niliandike jambo lenyewe kuliko kuendelea kulibeba peke yangu. Huenda na wewe unayesoma una ukuta wako mahali fulani.

Nyumba yenyewe ni kuukuu. Marehemu baba aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa fito na udongo, kama zilivyojengwa nyingi za wakati ule, akaiezeka bati, na baadaye akaipiga plasta nyembamba ya simenti kwa nje ili ifanane na za matofali. Ina vyumba vinne. Baba alikuwa mfanyabiashara wa chumvi. Alinunua kwenye ziwa la Katwe, akavusha pale Mpondwe kwenda Kasindi, na akipata gari zuri alifika Beni na Butembo. Kiswahili hiki ninachokiandika nilikipata kwake na kwa wateja wake wa Kongo kabla sijakifungulia kitabu chochote. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa stoo ya magunia ya chumvi kwa zaidi ya miaka ishirini. Ikumbukeni hiyo chumvi, nitairudia.

Baba alifariki mwaka 2017. Mama akaendelea na biashara ndogo sokoni, vitenge na sabuni, mpaka Machi 2020 serikali ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona na soko la Mpondwe likanyamaza. Mwaka huo mabati yaliyokuwa yametoboka tuliyaziba kwa vipande vya nailoni na mawe juu yake. Mwaka uliofuata, nikiwa nimepata pesa kidogo ya kufundisha watoto wa darasa la saba wakati wa likizo, nikaanza kuitengeneza nyumba.

Aliyewahi kutengeneza nyumba ya zamani anajua ninachotaka kusema. Nyumba mpya unaijenga kutoka chini kwenda juu, na kila siku unaona umefika wapi. Nyumba ya zamani inakudai kutoka pande zote. Ulikusudia kubadilisha mabati sita tu, ukayatoa, ukakuta mbao zimeliwa na mchwa. Ukabadilisha mbao, uzito mpya ukaufanya ukuta utoe ufa juu ya mlango. Ukaziba ufa, plasta ya zamani yote ikaachia kama ganda la yai, kwa sababu udongo na simenti havivuti pumzi sawasawa: udongo ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na simenti iliyo juu yake haitaki kusogea. Miaka mitatu nilikuwa nikiwaambia watu kwamba nakaribia kumaliza. Sikuwa nasema uongo. Kila mara nilikuwa nakaribia kweli.

Fundi wetu ni mzee mmoja Mkonzo, mtu wa kanisa, aliyejifunza ujenzi upande wa pili wa mto Lhubiriha akiwa kijana. Jina lake nitalihifadhi. Likizo iliyopita tulikubaliana abandue plasta yote ya nje na kuipiga upya kwa shilingi 350,000 za kazi, vifaa juu yangu. Nilimpa 150,000 mwanzoni. Alifanya kazi siku tisa na kijana wake mmoja, na sikuona kosa. Walipomaliza nilikuwa nadaiwa 200,000.

Siku zile zile familia ya mchumba wa dada yangu ikatuma ujumbe kwamba watakuja kutoka Kasese Jumapili ya pili yake, kuzungumza habari za nikaha. Na siku zile zile mzazi mmoja niliyemfundishia watoto akanilipa, na jumla ya pesa iliyokuwa mkononi mwangu ikafika 240,000.

Hapo ndipo penye jambo lote, ndugu msomaji, nisikuchoshe kwa kulizungusha. Nilikuwa na 240,000. Nilikuwa na deni la 200,000 la mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake. Nikapanda taksi asubuhi kwenda Kasese nikanunua rangi.

Nakumbuka safari ile kwa furaha yake, na hilo ndilo linaloniumiza. Kasese ni mji uliokua kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Reli ilifikishwa pale mwaka 1956 kuibeba hiyo shaba, na leo reli imelala kwenye majani. Nilizunguka maduka ya vifaa nikilinganisha bei kama mtu mwenye mali. Nikachukua ndoo mbili za rangi ya maji, ya bei nafuu, 105,000 kila moja. Moja ya ukuta wa mbele, moja ya ukuta wa nyuma. Mwenye duka alinichanganyia kidogo ya kahawia pembeni kwa ajili ya sehemu ya chini inayorukiwa na matope. Brashi na rola 12,000. Nauli na mzigo 13,000. Zikabaki elfu tano. Nikarudi nimepakata ndoo moja, nyingine iko miguuni, tukipita Kikorongo na tambarare ya hifadhi, nikiwaza jinsi nyumba itakavyoonekana mtu akitokea barabarani.

Jioni fundi akapiga simu. Nikamwambia, "Mzee, wiki ijayo, inshaallah."

Naomba nisimame kidogo kwenye neno hili, kwa sababu sisi vijana wa Kiislamu tumelifanyia jambo baya. Katika Suratul Kahf tumeamrishwa tusiseme kuhusu jambo lolote kwamba tutalifanya kesho bila kuliunganisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ni neno la unyenyekevu wa mtu aliyekusudia kweli kufanya. Mimi nililitumia kama pazia. Nilijua wiki ijayo sitakuwa na pesa. Nilimtaja Allah (S.W.T.) ili mzee wa watu asiniulize swali la pili, na yeye, ambaye si Muislamu, ameishi nasi miaka mingi kiasi cha kujua kwamba mtu akishasema inshaallah hapaswi kubanwa. Sijui ana maana gani ya neno hilo kichwani mwake sasa. Naogopa kumuuliza.

Ijumaa alikuja mwenyewe. Alinikuta nimeshamaliza ukuta wa mbele, mikono na ndevu zina rangi. Akakaa kwenye benchi la barazani, akautazama ukuta muda mrefu. Nikangoja anidai. Akasema tu, "Rangi ni muzuri, mwalimu. Ila ukuta haujakauka." Akanywa chai aliyoletewa na Mama, akaaga, akaondoka kwa miguu.

Wageni walikuja Jumapili, wakala, wakasifu nyumba. Mmoja wao alisema hata hakuitambua. Posa ikapita salama, alhamdulillah.

Kabla sijarudi chuoni rangi ilianza kuchubuka chini ya dirisha la chumba cha mbele, ikitoa unga mweupe. Sitaki kusema ilikuwa adhabu. Ni chumvi. Plasta mpya ingengojewa kama mwezi ndipo ipakwe, na ukuta ule wa stoo umekunywa chumvi miaka zaidi ya ishirini. Chumvi inavuta unyevu hewani, unyevu unatafuta njia ya kutoka, na rangi imeziba njia. Kila fundi anajua. Fundi wangu alijua, na angeniambia mapema kama ningekuwa na uso wa kumwita.

Sasa swali. Nimelizungumza na wenzangu wawili hapa chuoni, baada ya Isha, na hatukukubaliana, ndiyo maana nimelileta gazetini.

Wa kwanza alinicheka. "Sheikh, umezidi. Nani Uganda hii hajawahi kumcheleweshea fundi? Na wao je? Wanachukua pesa ya mwanzo wanapotea miezi miwili." Ni kweli. Tumeshaachwa na fundi wa milango aliyekula 60,000 mpaka leo. Lakini nikijiuliza, yule wa milango anaingiaje hapa? Mzee wangu wa plasta hakuchukua kitu chake. Ningekuwa nimemlipisha mtu mmoja kosa la mwingine kwa sababu tu wote wawili wanabeba mwiko.

Huyo huyo akaleta hoja nyingine, na hii ilinipa kazi. Akasema: ulikuwa na dharura. Heshima ya dada yako. Na uzuri si dhambi. Alinikumbusha yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, kama hicho ni kiburi, naye akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kitu kingine: kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi imo katika Sahihi Muslim. Nilifurahi kuipata, nikalala vizuri usiku huo. Asubuhi nikaisoma tena mpaka mwisho wake. Kuikataa haki na kuwadharau watu. Ukuta haukuwa na kosa, na nyumba haikuwa na kosa kupendeza. Lakini haki ya mtu ilikuwa imekaa barazani inakunywa chai, na mimi nilikuwa nimeshika rola.

Kuna mapokezi mengine ambayo kila mwenye kutengeneza nyumba atakutana nayo akisoma. Qays bin Abi Hazim anasimulia, katika Bukhari, kwamba walimkuta Khabbab (R.A.) akijenga ukuta wake, naye akawaambia kwamba Muislamu analipwa kwa kila anachotoa isipokuwa kile anachokiweka katika udongo. Na Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa akikarabati kibanda chao kilichochakaa, Mtume (S.A.W.) akapita, akauliza wanafanya nini, na alipojibiwa akasema kwamba anaona jambo lenyewe lina haraka kuliko hicho, yaani mauti. Hiyo imo kwa Abu Dawud na Tirmidhi.

Mwenzangu wa pili, ambaye ni mcha Mungu kuliko sisi wote, alizichukua hizi mbili akasema basi kazi yote ilikuwa upuuzi. Ningeiacha nyumba ilivyo. Sikubaliani naye. Hakuna katika mapokezi hayo aliyekatazwa. Khabbab mwenyewe alikuwa anajenga wakati anasema. Abdullah hakuambiwa aache, na wanavyuoni wengi wamelichukua onyo hilo kuwa ni la jengo lililozidi haja. Mama yangu kulowa kitandani mvua ikinyesha si zuhudi. Zuhudi ni ya mwenye kuchagua, na mama hakuchagua yale mabati.

Ila neno la haraka linanigusa kwa njia nyingine. Shangazi yangu alikuwa anakaa Kilembe, karibu na mto Nyamwamba. Mto ule ulifurika Mei 2013 na kubomoa mengi, na watu wakajenga tena. Shangazi alijenga tena. Mwanzoni mwa 2020 akapaka rangi, kijani, najua kwa sababu alitutumia picha. Mei mwaka huo Nyamwamba ukashuka tena na mawe makubwa, ukaiharibu hata hospitali ya Kilembe, na nyumba ya shangazi haikubaki hata alama ya msingi. Nilipokwenda kumpa pole alisema rangi haikupata hata muda wa kufifia. Kisha akaongeza jambo ambalo wakati ule sikulitia maanani: kwamba anashukuru aliwamaliza mafundi wake pesa zao, la sivyo angekuwa anadaiwa kwa ajili ya nyumba iliyoko ziwani.

Basi hilo ndilo ninalolielewa sasa kutoka kwa hadithi ya kibanda. Jambo likija kwa haraka litakukuta na plasta nusu, na hilo halina neno, kwa sababu hakuna atakayekuuliza kwa nini ukuta wa nyuma haukupakwa. Deni ndilo litakaloulizwa. Na kuhusu ujira maneno hayana mlango wa kutokea. Tumeambiwa tumpe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka, katika Ibn Majah. Na katika Bukhari, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atasimama kuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama ni yule aliyeajiri mtu, akamtumikisha mpaka kazi ikatimia, asimpe ujira wake. Nilikuwa najitetea kwamba mimi ni mwanafunzi, na kwamba dhuluma katika hadithi ni ya tajiri anayechelewesha. Lakini tajiri pale ni yule mwenye uwezo wa kulipa. Siku ile nilipopanda taksi kwenda Kasese nikiwa na 240,000 mfukoni na deni la 200,000, mimi nilikuwa tajiri. Nilikuwa tajiri kwa muda wa saa tano hivi, na saa hizo nilizitumia vibaya.

Jambo jingine lilinijia darasani, tukisoma mirathi. Mwalimu alikuwa anatoa mfano wa marehemu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Nikashituka, maana ni sisi hasa. Mke aliyeachwa na watoto anapata thumuni, moja ya nane. Zinabaki saba. Mwanaume huhesabiwa mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kwa hiyo wavulana wawili ni mafungu manne, wasichana watatu ni matatu, jumla saba. Inagawanyika bila kipande kubaki. Mama moja ya nane, kila dada moja ya nane, mdogo wangu mbili, mimi mbili. Nyumba ina vyumba vinne. Kwa hesabu ya Qur'an, chumba changu ni kimoja.

Na miaka yote mitatu nilikuwa nikisema "nyumba yangu". Nilikuwa nikimwambia fundi, nikiwaambia wenzangu hosteli, nikimwambia hata Mama. Hatukuwahi kugawa. Tangu baba afe hakuna aliyekaa chini kulizungumza, kwa ile aibu ya kwetu ya kuonekana unagombania mali ya marehemu. Sasa najiuliza, hizi pesa ninazotia ni sadaka kwa wenzangu, au ni mkopo, au ni njia ya polepole ya kuinunua nyumba bila kuwauliza? Kesho dada akitaka thumuni yake nitamwambia nini? Kwamba mabati ni yangu? Wangapi kati yetu tunajenga juu ya kiwanja cha mirathi ambacho hakijagawanywa na tunaita ni wema kwa wazazi? Sina jibu lililokamilika. Nimewaandikia ndugu zangu wote wanne ujumbe mmoja nikawaomba Desemba tukae na imamu wa msikiti wetu tuandike. Dada mkubwa amejibu kwamba ni sawa. Mdogo wangu amejibu kwa alama ya mshangao tu.

Nilimpigia Mama kumwomba msamaha wa jambo la rangi. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Mwanangu, mimi sikukuomba rangi. Nilikuomba mlango wa choo." Ilikuwa kweli. Alikuwa ameniomba tangu Ramadhani. Choo kiko nyuma, wageni hawakioni. Na dada, yule wa posa, aliyekuwa karibu na simu akapokea na kuniuliza, "Kaka, wale watu walikuja kuniangalia mimi au ukuta?" Nikamwambia walikuja kumwangalia yeye. Akasema basi, angalau tuna uhakika.

Najua ile haraka ilitoka wapi. Haikuwa yote kwa ajili ya dada. Nilitaka watu wa Kasese, watu wa mjini, wakirudi waseme yule kijana wa chuo amefanya kazi. Nilipaka upande unaoonekana kutoka barabarani na nikauacha ule ambao Mama anauona kila siku akipika. Mtu akitaka kujua riya inafananaje, aje Bwera atazame nyumba yenye uso na haina mgongo.

Kisa cha Musa na Khidhr (A.S.) ninakipenda tangu madrasa, na sasa nimekisoma kwa jicho jingine. Walifika mji ambao watu wake walikataa kuwakaribisha, wakakuta ukuta unataka kuanguka, Khidhr akausimamisha. Musa akamwambia angetaka angechukua ujira kwa kazi hiyo. Huwa tunasoma kwa kumshangaa Musa kwamba hakusubiri. Lakini tazama alichokiona. Aliona kazi imefanywa na haikulipwa, na hilo likamsumbua Mtume wa Mwenyezi Mungu kiasi cha kuvunja ahadi yake ya kunyamaza. Na ukuta ulikuwa wa mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema; chini yake kulikuwa na hazina yao. Mimi nami ni yatima wa baba mwema, na nilipenda kujifikiria ndani ya kisa hiki. Lakini Khidhr aliuacha ujira kwa hiari yake mwenyewe, kwa amri aliyopewa. Mayatima hawakumwahidi pesa kisha wakanunua kitu kingine. Nilimfanya mzee wa plasta kuwa Khidhr bila idhini yake.

Nikarudi kwa hesabu. Rafiki yule wa kwanza alinionyesha kwenye simu programu ya mikopo inayotoa pesa papo hapo. Ungeweza kumlipa mzee usiku ule ule. Riba yake kwa mwezi sikuimaliza kuisoma. Kuondoa dhuluma kwa riba ni kama kufuta mafuta kwa kitambaa chenye masizi. Tunasikia habari za benki za Kiislamu zilizoruhusiwa kwa sheria ya mwaka 2016, lakini hakuna benki itakayomfungulia faili mwanafunzi wa shilingi laki mbili.

Kilichokuwepo ni ile ndoo ya pili, ya ukuta wa nyuma, haijafunguliwa. Na hapa nilikwama kuliko popote. Kuiuza ni kumlipa fundi. Lakini ni kumnyima Mama upande wake kwa mara ya pili, baada ya mlango wa choo. Nilikuwa nimeshapendeza mbele kwa jasho la fundi, sasa nitalipa kwa mgongo wa Mama. Nililipeleka swali hili kwa ustadhi wetu, naye alinijibu kwa kuniuliza: katika aya za mirathi, kabla ya mama kupewa chake na watoto chao, nini kinatangulia? Wasia na deni. Hata haki ya mama katika mali ya marehemu inangoja deni litoke. Nikamwambia lakini aya inazungumzia deni la maiti. Akacheka, akasema, "Wewe unangoja mpaka uwe maiti?"

Nikampigia mdogo wangu, akaiuza ndoo kwa jirani anayejenga, 85,000. Tumepoteza elfu ishirini hapo, na sina wa kumlaumu. Mdogo wangu akaniazima 15,000. Nikatuma laki moja kwa fundi kwa simu usiku ule, kisha nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, na maelezo. Nikamwambia moja kwa moja kwamba siku ile aliyopiga simu nilikuwa na pesa yake yote mkononi na nikanunua rangi. Alikaa kimya kidogo. Akasema alijua, mwenye taksi niliyorudi nayo ni mtoto wa dada yake.

Sasa nachapa kazi za wenzangu wa mwaka wa kwanza jioni na kumtumia 25,000 kila mwezi. Imebaki miezi miwili. Mama amenunua mbao za mlango wa choo mwenyewe kwa pesa ya sabuni, hakuningoja. Ukuta wa mbele umeendelea kuchubuka na wamesogeza benchi mbele ya sehemu mbaya zaidi.

Wiki iliyopita fundi alipiga kuthibitisha kwamba pesa imefika. Akaniambia mwezi wa kumi na mbili nikirudi tubandue plasta ya chumba cha chumvi kwa ndani, tuiache ipumue jua lote la Januari, ndipo tufikirie rangi, na kwamba chokaa itafaa kuliko hii niliyonunua. Nikamuuliza kazi hiyo itakuwa kiasi gani. Akasema, "Tutaongea, mwalimu. Kwanza malizia ile."

Ndugu yenu, mwaka wa tatu, Ualimu.